Ku urgence kuko mistari miwili: ule wa ugonjwa na ule wa kese

Hata kama haujalala ku hospitali hata siku moja, ile benchi unaijua. Iko mbele ya mulango ulioandikwa "Urgences", na karibu kila hospitali kubwa ya Bukavu iko na yake. Watu wanakaa pale na mugonjwa wao, wengine wameleta termosi ya chai, wengine mukeka na sufuria juu wanajua kama watalala. Wote wanaangalia mulango. Muuguzi anafungua, anaita jina, na mara mingi ule anayeitwa si ule aliyefika wa kwanza. Hapo manung'uniko inaanza: "Ule ametoa franga." "Ule ni ndugu ya docta."

Mimi pia nilishasema maneno ile. Siku moja ya mvua nilianguka na pikipiki kwenye muteremuko wa Kadutu, mukono wa kushoto ukavunjika karibu na kiganja. Nilifika ku hospitali saa tatu za asubui. Waliniandikia fishi, wakaniambia nikae. Saa saba ningali pale. Watu saba ama nane walikuja nyuma yangu wakaingia mbele yangu: mama mumoja aliyebebwa ndani ya blanketi, kijana aliyehema kama mutu anayepanda mulima, mutoto muchanga. Hakuna aliyenieleza kitu. Mangaribi nilirudi nyumbani na plasta ku mukono, na kichwani nilikuwa nikipanga namna nitawasema ku mikro kesho yake.

Sikuwasema. Miaka miwili kisha, usiku, mutoto wa yaya wangu, musichana wa miaka mitatu, alianza kushikwa na degedege. Tulikimbia ku hospitali, tatu juu ya pikipiki moja pamoja na dereva. Tulipofika benchi ilikuwa imejaa. Muuguzi alimuangalia mutoto mara moja tu, akamunyakua mu mikono ya mama yake na kuingia naye ndani. Hata jina hakuuliza. Nilipogeuka niliona macho ya watu wa ku benchi, na mwanaume mumoja aliyeshikilia kitambaa chenye damu ku kichwa. Niliyajua macho ile. Yalikuwa yangu.

Kuchagua maharagi

Kile kilichofanyika usiku ule kinaitwa triage. Ni neno la Kifaransa lenye maana ya kuchagua, sawa mama anavyochagua maharagi mbele ya kuyatia ku moto. Mutu wa kwanza kufika si wa kwanza kuingia. Wa kwanza kuingia ni ule anayeweza kufa mu dakika zinazokuja.

Namna za kufanya triage ni nyingi. Moja inayojulikana sana ilitengenezwa mu Cape Town, Afrika ya Kusini, kuanzia mwaka 2004, na shirika la Médecins Sans Frontières linaitumikisha mu hospitali nyingi linazosaidia. Ile inafuata rangi. Mwekundu: mugonjwa anaangaliwa papo hapo. Rangi ya machungwa: mbele ya dakika 10 kupita. Manjano: mbele ya saa moja. Kijani: anaweza kungoja mpaka saa 4. Ukihesabu vizuri, mimi na mukono wangu hatukuwa mwekundu, na tuliweza kungojea wale wa hatari zaidi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeniambia.

Si kila hospitali iko na hizo rangi. Mahali pengi ni muuguzi mumoja anayefanya kila kitu kwa macho na kwa vidole vyake: je, mugonjwa anapumua namna gani? Anajibu ukimuita? Mapigo ya moyo inakimbia? Mikono imekuwa baridi? Kama kuko kile kifaa kidogo cha kubana ku kidole, kinaonyesha kiasi cha oksijeni mu damu. Ile yote inaweza kufanyika mu dakika mbili ama tatu, na mutu wa ku benchi anafikiri muuguzi alipita tu kusalimia.

Hapa watu wengi wanakosea. Mugonjwa anayelia kwa nguvu anapumua, na moyo wake unapiga. Anaumia kweli, lakini kuko muda. Mugonjwa anayenyamaza njo anaogopesha wauguzi. Kwa mutoto wa chini ya miaka mitano, mambo inne inatosha kumupitisha mbele ya watu wote: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, ama amelegea na haamuki. Ukiwa na mutoto wa namna ile, usikae ku benchi ukingoja kuitwa. Simama, sema kwa sauti, onyesha mutoto. Vilevile kwa mama mwenye mimba anayetoka damu. Na mugonjwa anaweza kubadilika akiwa pale ku benchi: ule aliyekuwa kijani saa mbili anaweza kuwa mwekundu saa ine. Muuguzi mumoja mwenye kuangalia watu makumi hawezi kuona kila kitu. Ni wewe uko karibu yake.

Ku mulango mukubwa, mbele hata ya triage, kuko chuja ingine: kunawa mikono, kupimwa joto, pengine maswali mawili matatu. Desturi ile ilipata nguvu wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, ambayo ilifika hata Mwenga, na tena wakati wa mpox iliyoanzia Kamituga, ile ambayo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa hatari ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Watu wengine wanaona ni kupoteza wakati. Lakini wakati wa Ebola kuko watu walioingia ku vituo vya afya na malaria wakatoka na Ebola. Ukiwa na vipele, sema pale pale ku mulango.

Mustari wa pili

Basi, turudi ku usiku ule. Mutoto aliingia ndani. Na yaya wangu? Yaya alikimbia ku kese.

Hakuna aliyemutuma. Alienda sababu kila mama wa Bukavu anajua, ama anafikiri anajua, kama bila karatasi ya kese hakuna mutu atamugusa mutoto wake. Kwa hiyo alisimama mu mustari, nyuma ya watu wane, akihesabu franga mara mbili mara tatu. Na mimi nikabaki mbele ya mulango. Muuguzi alitoka akaniuliza: "Mutoto amekunywa dawa gani mbele ya kuja hapa?" Nikasema sijui. Akauliza tena: "Wamemupiga sindano?" Nikasema sizani.

Kumbe mangaribi ile yaya alikuwa amemupeleka mutoto ku dispanseri ya kartie, na pale walikuwa wamemupiga sindano ya diazepam juu ya degedege. Karatasi yenye jina la dawa na saa ilikuwa mu sakoshi ya mama yake, na mama yake alikuwa mu mustari wa kese, mita makumi tatu kutoka pale. Ndani walimupiga diazepam ingine. Diazepam inatuliza degedege, lakini dozi zikifuatana zinaweza kupunguza pumzi. Mutoto alianza kupumua pole pole, kisha pole zaidi. Wauguzi walimuwekea barakoa ku uso, wakawa wakiminya mufuko wa kumupumulisha kwa dakika ambazo mimi sikuzihesabu. Alirudia. Leo anasoma mwaka wa pili wa shule ya musingi.

Siwezi kumushitaki muuguzi. Aliuliza, na mara mbili. Yaya pia siwezi kumushitaki. Tulikuwa na mistari miwili, na mutu aliyekuwa na habari alikuwa mu ule usiofaa.

Kwa nini kese inatisha watu hivi? Sababu inajulikana. Kwetu, hospitali inaishi sana kwa franga za wagonjwa. Wafanyakazi wengi wa afya hawako ku orodha ya mushahara wa serkali, wengine wanapata tu prime, na kile kinachobakia kinatoka mu faktire zetu. Glavu, sindano, seromu, hata karatasi ya fishi, vinanunuliwa na kese ile. Mugonjwa akitoroka bila kulipa, ni muuguzi wa zamu ile anayeweza kuulizwa. Kwa hiyo mahali pengi wanaomba franga ya kuweka mbele, ile tunaita "caution". Na kisha benki kufungwa mu Goma na Bukavu mwanzo wa mwaka 2025, hata mutu mwenye franga zake aliweza kukosa namna ya kuzishika mu mukono saa nane za usiku, asipokuwa na kitu ku simu.

Pamoja na ile yote, sheria iko. Katiba yetu, article 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Na sheria ya makosa ya jinai inaazibu mutu anayekataa kwa kusudi kumusaidia mwenzake aliye mu hatari. Kusimamisha damu inayotoka, kumupa mutu oksijeni, kumutuliza mutoto mwenye degedege, ile si ya kungoja risiti. Na nimeona mara mingi wauguzi wanaanza bila kuuliza kitu. Kwa hiyo shauri langu ni hili: mukiwa wawili, mugawane. Ule anayejua ugonjwa anabaki na mugonjwa. Ule mwingine, hata kama ni jirani, njo anaenda ku kese na ku farmasi. Mukiwa mumoja tu, baki na mugonjwa kwanza. Mustari wa kese hautoroki. Na ukiambiwa wazi "lipa mbele" na mugonjwa wako anakata roho, omba kumuona docta wa zamu mwenyewe, si mutu wa ku kese. Mutu wa ku kese hana ruhusa ya kuamua, yeye anahesabu tu.

Maswali watakuuliza, na majibu tunayoficha

Ilianza saa ngapi? Amekula nini, amekunywa dawa gani? Iko na sukari, presha, ugonjwa wa moyo? Dawa fulani inamuzuru? Kwa mwanamuke: iko na mimba? Maswali ni mafupi, lakini mara ngapi tunajibu ukweli wote?

Watu wanaficha dawa ya miti. Wanaficha lavema waliyomupiga mutoto nyumbani. Wanaficha kama mugonjwa ametoka kukaa siku tatu mu chumba cha maombi. Wanaogopa kugombezwa, na ni kweli, wanagombezwaka. Wauguzi wetu wengine wako na ulimi mukali, hasa saa za usiku. Lakini dawa ya miti inaweza kuharibu figo ama kushusha sukari, na docta asiyejua atatafuta sababu mahali haiko. Msichana wa miaka kumi na sita hatasema kama iko na mimba mbele ya baba yake. Docta mwenye akili atamutoa baba inje kwanza, na baba mwenye akili atatoka yeye mwenyewe mbele ya kuombwa.

Tena, kitu kidogo ambacho kinacheleweshaka watu sana: chakula. Mama mukwe anafika na bakuli ya fufu, anaona mugonjwa hajakula tangu asubui, anamulisha. Kama mugonjwa ule alikuwa aende kupasuliwa, sasa upasuaji unaweza kusogezwa kwa masaa, sababu chakula mu tumbo kinaweza kurudi na kuingia mu mapafu wakati amelazwa na dawa. Uliza mbele ya kumupa hata maji.

Na jambo la kujua nani ni nani. Kwetu kila mutu mwenye blouse nyeupe tunamuita "munganga" ama "docta": muuguzi, mwanafunzi wa stage, mutu wa labo, hata ule wa kufagia. Unamueleza mutu hadisi yote ya mugonjwa, kumbe ni mwanafunzi aliyefika juzi. Uliza bila haya: "Samahani, wewe ni docta ama muuguzi? Nani anamufuata mugonjwa wetu?" Andika jina lile.

Mbele ya kufika

Ambulance yetu ni pikipiki. Tusijidanganye. Mugonjwa anakaa katikati, dereva mbele, ndugu nyuma anamushikilia. Kwa malaria ama tumbo, inaenda. Lakini kwa mutu aliyeanguka kutoka juu ama aliyegongwa na gari, na anasema shingo ama mugongo inamuuma, ama hasikii miguu, kumukalisha ku pikipiki kunaweza kumaliza kile ajali ilianza. Ule abebwe amelala juu ya ubao ama mulango, ama kipoyi kama mu vijiji, watu wengi wakimushika sawasawa, na shingo isitikisike. Ajali zenyewe zinatoka sana ku hizo pikipiki. Na damu inayotoka kwa nguvu inaombwa kufinywa kwa kitambaa safi, kufinya kweli, bila kufungua kila dakika kuangalia kama imekoma.

Mutu aliyebakwa naye ni wa urgence, hata kama hakuna kidonda kinachoonekana. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inafaa kuanza mbele ya masaa 72 kupita, na mapema ni vizuri zaidi. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa mpaka siku 5. Hauombwe karatasi ya polisi kwanza ili utunzwe. Hapa Bukavu kila mutu anajua hospitali ya Panzi, ile Docta Denis Mukwege alianzisha mwaka 1999, lakini ukiwa mbali, kituo cha afya chochote chenye kile kit kinaweza kuanza, musafara utakuja nyuma.

Waliopigwa risasi, mu Bukavu, wanapelekwa sana ku hospitali kuu ya jimbo, mahali Musalaba Mwekundu wa kimataifa (CICR) unasaidia upasuaji wa wenye kuumizwa na silaha. Siku ya vita triage inabadilika na inakuwa ngumu hata kuieleza: pale majeruhi ni wengi kushinda mikono ya waganga, wanaanza na wale wanaoweza kuokoka wakisaidiwa upesi, na kuko mutu atawekwa kando na dawa ya maumivu tu. Mu Goma, mwisho wa Januari 2025, ku CBCA Ndosho na mahali pengine, wagonjwa walilala mpaka mu baraza. Ndugu wa ule aliyewekwa kando hasahau.

Damu

Watoto wengi wanafika wamekauka damu juu ya malaria. Kiganja kinakuwa cheupe kama karatasi. Hapo hospitali inaomba damu, na mara mingi inaomba familia itoe ya kurudishia. Ndipo wanaume wanaanza kukumbuka kazi walizoacha nyumbani. Mutu mwenye afya, wa miaka 18 na zaidi, mwenye kilo 50 ama zaidi, anaweza kutoa pochi moja, karibu mililita 450, na akaenda kazini kesho yake. Damu ile inapimwa ukimwi, hepatiti B na C, na sifilisi mbele ya kumupa mugonjwa. Kwa hiyo kile unakiona ku faktire ni pochi, vipimo na kazi. Ule anayekupigia simu inje ya hospitali kukuuzia damu yake, umuache. Mutu anayeuza anaweza kuficha magonjwa.

Kutoka

Mugonjwa akipona, kunabakia faktire. Mama anayezaa aulize kwanza kuhusu uzazi wa bure, programu ambayo serkali ilianzisha Kinshasa mu Septemba 2023 na ikapanuka kisha ku majimbo mengine. Aulize nini inalipiwa na nini hailipiwi ku hospitali ile. Wenye kuwa mu mituweli ya afya (mutuelle) watoe karte siku ya kwanza, si siku ya kutoka. Kawaida mituweli inaomba mupitie kituo cha afya kwanza na barua ya transferi. Kwa hali ya dharura wanaregeza, lakini wanaomba wajulishwe upesi. Na haiwezekani kuingia mu mituweli leo sababu umeugua leo. Kuko miezi ya kungoja.

Asiye na kitu, mara mingi wanamubakiza. Tunawajua: mama amepona, mutoto amepona, wanalala mu koridori juu ya deni, na kila siku wanayolala inaongeza deni. Mapatano ya kimataifa juu ya haki za kiraia na za kisiasa, ile Kongo iliingia mwaka 1976, inakataza ku article 11 kumufunga mutu juu tu ya kushindwa kulipa deni la mapatano. Hospitali zitajibu kwamba bila kubakiza watu zitafunga mulango, na si uongo wote. Kile kinachosaidia sana ni kutongoja siku ya mwisho: siku ya pili ama ya tatu, ukiona franga haitatosha, tafuta ofisi ya service social ya hospitali, uende na mutu wa parokia ama chefu wa avenue, muandike namna ya kulipa kidogo kidogo. Nyuma ya kutiwa sahihi, shika kopi.

Tena usitoke bila karatasi ya kutoka yenye jina la ugonjwa, dawa ulizopewa na siku ya kurudi. Yaya wangu anaziweka zote mu kifuko cha plastiki pamoja na fishi ya chanjo, na kile kifuko kinalala juu ya kabati, karibu na mulango, si mu sakoshi tena.